Sauti za Jumapili Kutoka Amerika

Bellevue, Johannesburg
Jumapili, 14 Septemba 2025

Ndugu yangu Gaston,

Kabla ya lolote, pokea salamu zetu. Zianzie kwako mwenye nyumba, zimfikie shemeji Victorine, ziwapitie watoto mmoja mmoja, na kama kuna jirani ameketi hapo nanyi, naye apate fungu lake. Tunataka kujua hali zenu. Mshono wa shemeji umekauka vizuri? Daktari amemruhusu kuinua ndoo, au bado mnambebea kila kitu kama bibi harusi? Na Victoire tumeambiwa amempita mama yake kwa kimo. Kimo tunakisifu, lakini mwambie baba yake mkubwa Méthode bado anangoja kusalimiwa kwa Kiswahili kamili, si kwa mkono unaopungwa mbele ya simu.

Sisi huku tumeamka. Baridi imeanza kulegea, ingawa asubuhi nikishuka kwenda dukani Joubert Park bado navaa koti juu ya koti, na wateja wananiuliza kama nauza yote mawili. Macho yangu ndiyo yamenigeuka. Cherehani naiendesha bado, ila tundu la sindano siku hizi nalitafuta kwa vidole. Mengine tunamshukuru Mungu.

Ua wetu ni uleule uliouacha: nyumba ya kizamani iliyokatwa vyumba kumi na kimoja, bomba moja, kamba mbili za nguo, na mwenye nyumba asiyeonekana ila mwisho wa mwezi. Chumba chenu anakaa Gaël, kijana wa Kirundi, fundi bomba, mtu wa adabu ingawa anapiga muziki wake kana kwamba sote tumelipa kiingilio. Dada Sumaiya bado anauza dagaa, bado anasali sala zake tano, na ulimi wake haujapungua ukali hata kidogo.

Sasa nikuelezee yaliyotupata, maana mwaka huu ua huu nusura uvunjike, na uliotaka kuuvunja ni ugomvi wa Amerika. Usicheke. Watu ambao hawajawahi kuiona Amerika hata kwa mbali walikatana salamu kwa ajili yake, na katikati wakabanwa watoto wawili: Sonia wa Alain, na Exaucé wa Mchungaji Elisée. Hao walipendana zamani, ila wazazi tuliambiwa mwezi wa Aprili. Elisée akatuma ujumbe kwa Alain kama inavyotakiwa, Alain akakubali, siku ya posa ikawekwa Jumamosi ya tarehe 30 Agosti. Posa hiyo haikufanyika, na habari ya kwa nini haikufanyika ndiyo barua yangu.

Lazima nianze na sauti zako. Kwa miaka miwili, kila Jumamosi, umekuwa ukinitumia sauti yako kwenye simu, na kila Jumapili baada ya ibada mimi naweka spika dirishani, maharage yakiwa jikoni, watu wanakaa juu ya ndoo na viti vyao, tunakusikiliza. Sonia ndiye aliyenifundisha mambo ya simu: namna ya kuunganisha na spika, namna ya kupunguza upepo, namna ya kukata pale unapokohoa. Ulikuwa unapendwa kuliko mahubiri, na Elisée mwenyewe alilikiri hilo.

Tulisikia kwamba ulikaa miezi minne mtaani kwako bila kujua jina la mtu wa mlango wa pili. Tulisikia kwamba huko mtu hapigi hodi. Anapiga simu kwanza kuuliza kama anaruhusiwa kuja kupiga hodi. Kwamba watu wanakula ndani ya gari, kila mtu peke yake, huku redio inawagombeza. Kwamba mtoto anamwita mtu wa makamo ya babu yake kwa jina, bila mzee, bila baba, bila chochote, na babu anafurahi. Kwamba mzazi akichoka anatafutiwa nyumba ya wazee, anatembelewa kwenye sikukuu. Na wakati wa uchaguzi watu wanachomeka vibao kwenye majani mbele ya nyumba, kila mtu na jina la mtu wake, na kibao kikishasimama salamu inakufa. Ulitusimulia ndugu wawili, tumbo moja, waliokataa kukaa pamoja kwenye ile karamu yao ya Novemba kwa sababu ya kura, na mama yao akapika mara mbili, mchana kwa mmoja na jioni kwa mwingine. Dada Sumaiya aliposikia hilo alisema huyo mama angewapa wote fimbo mara moja na kupika mara moja.

Mimi unanijua. Neno kama hilo nikilipata silimezi bila kulitafuna mbele za watu. Kila ulipomaliza, nilisimama. Nilisema taifa linaloweza kumfikisha mtu mwezini lakini haliwezi kumfikisha kwa jirani yake limepotea njia. Nilisema uhuru wa kuishi bila kuulizwa habari zako ni uhuru wa maiti. Nilisema siasa imekuwa ndiyo ukoo wao, na ukoo wa damu umekuwa wageni. Niliwaambia vijana wasihangaike kutamani huko, wakae na desturi zao, waangalie ua huu ambamo Mkongo, Mrundi, Mwislamu na mlokole wanachota maji bomba moja. Exaucé siku moja alijaribu kunijibu. Alisema, “Eish, papa Méthode, si hata sisi tuna mambo yetu?” Nikamwambia ale maharage yake.

Na bado nayaamini mengi ya hayo, Gaston. Mtu akiniambia kwamba dunia ya kula peke yako ni maendeleo, nitambishia hadi nizikwe.

Sasa mambo ya Alain. Faili lake la kwenda Amerika unalikumbuka, lilianza ukiwa bado hapa. Miaka tisa ya mahojiano, alama za vidole, vipimo vya kifua, na mahojiano tena kuuliza yale yale. Januari mwaka huu akapewa siku ya ndege. Aliacha kazi yake ya ulinzi kule Newtown, akauza kitanda na friji, akauza hata simu yake nzuri, na Goreth akagawa sufuria zake kwa majirani akilia na kucheka. Zimebaki siku chache, rais mpya wa huko kwenu akaapishwa, mlango wa wakimbizi ukafungwa, na safari zikafutwa. Alain, Goreth na Sonia wakarudi chumbani kulala juu ya godoro la kuazima. Sufuria zilirudishwa zote, hilo nalisema kwa fahari. Kazi haikurudi mpaka Machi, tena ya zamu mbaya. Kwa simu alibaki na kitochi tu, kisichopokea sauti za kutumwa, ndiyo maana habari zako kwake zilikuwa zikipita kwangu.

Elisée naye ni mtu mwema, usije ukadhani vingine. Ila kwa kusikiliza Jumapili zangu aliamini kwamba Amerika imeoza kabisa, na kwamba rais huyo ametumwa kuirudisha kwenye ndoa, kanisa na wazazi. Mwezi wa Juni akanunua bendera ya Amerika kwa wachuuzi wa karibu na Park Station, akaitundika kwenye kamba ya nguo mbele ya mlango wake. Hilo Alain alilimeza. Lakini Jumapili iliyofuata, katika ile gereji wanamosalia, Elisée alihubiri kwamba Mungu akifunga mlango, aliyebaki nje ajiulize alikuwa amebeba nini mikononi. Alain alikuwa amekaa benchi la nyuma, amekwenda kwa heshima ya mkwe mtarajiwa.

Hakungoja baraka ya mwisho. Alirudi uani, akazitoa nguo zake kwenye kamba ile, zikiwa bado mbichi, akazianika juu ya ukuta. Kutoka siku hiyo kamba moja ikawa ya watu wa Alain na moja ya watu wa Elisée. Warundi wengi wakaenda upande wa Alain, walokole upande wa Elisée, wengine wakachagua kwa kufuata sababu zao za zamani za vumbi na kelele. Watu wakaanza kuniuliza mimi niko upande gani wa siasa za Amerika, mimi ambaye hata hapa sipigi kura. Salamu ikafa. Mwezi wa Julai baridi ilipasua bomba asubuhi moja. Gaël alikuwa kazini, spana ilikuwa kwa Elisée, na mtu aliyejua pa kufungia maji alikuwa Alain. Hakuna aliyemwendea mwenzake. Maji yalitiririka mpaka mchana, yakaingia kwa dada Sumaiya, magunia mawili ya dagaa yakaharibika. Aliyatoa nje akayaanika katikati ya ua, yananuka, akasema huo ndio uchaguzi wetu na matokeo ndiyo hayo.

Hapo wakaniletea kesi. Wewe unajua desturi yetu Warundi: ugomvi unapelekwa kwa mushingantahe, mtu aliyekabidhiwa fimbo ya kuamua, na ninyi Wakongo wa uani mliikubali, wewe mwenyewe ukiwa wa kwanza kusimama siku mliponikabidhi. Unajua pia sharti lake kubwa. Anayeshika fimbo asiwe na mkono wake ndani ya kesi. Akiwa nao, aseme mbele za watu na aiweke chini. Na kabla ya kuipiga ardhini, anaulizwa mara moja kama ana neno lolote linalomhusu. Niliulizwa. Nikajibu sina.

Tulikaa Jumapili ya tarehe 17 Agosti. Alain alisema kwa sauti ya chini, ile yake ya mtu wa zamu. Alisema hana ugomvi na Exaucé, kijana ni kijana mzuri. Lakini siku ya posa desturi inawataka baba wawili wanywe kinywaji cha mtama kutoka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake, na yeye hawezi kuinama kwenye chungu pamoja na mtu anayemshangilia aliyemrudisha akiwa na masanduku mlangoni. Alisema kila anayempenda rais yule, awe hapa au awe huko Amerika, ametema mate juu ya sanduku la mkewe. Elisée alisema hawezi kulitangua neno alilopewa madhabahuni, na kwamba hakumlenga mtu. Mimi nikapiga fimbo. Niliamua bendera ishuke, salamu irudi, na posa iwe siku yake. Nilinena vizuri sana, Gaston, kama kawaida yangu, na nikamalizia kwa mfano wa vibao vya Amerika. Alain akasimama kabla sijakaa, akavaa kofia yake, akasema binti yake hataposwa. Hakuna aliyewahi kuinuka mbele ya fimbo ile tangu tumekaa ua huu.

Tarehe 30 Agosti ilipita kimya. Goreth alikuwa ametayarisha mtama. Aliusaga, akaupika uji wa watoto.

Jumatatu iliyofuata Sonia alikuja dukani kwangu. Alikuwa na kitambaa cha imvutano, ile nguo ya kufunga begani wanayovaa mabinti zetu siku ya posa, ya kijani yenye nakshi ya dhahabu. Nilimwambia, mwanangu, siku imepita. Akasema, “Pima tu, papa Méthode. Nitaivaa.” Nikapima. Alisimama wima, mikono kando, machozi yanamshuka bila sauti, nami nazunguka na utepe wangu nikiandika namba ambazo sizioni. Aliniambia Exaucé amemtaka waende tu wakaandikishe ofisini, bila wazazi, bila chungu, kama wengi wanavyofanya siku hizi, na kwamba yeye amekataa. Alisema anataka kuolewa mbele ya watu waliomlea, na watu waliomlea ni ua mzima, ukiwemo upande wa Elisée. Kisha akanishukuru kwa kujaribu kumsaidia. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo, akaenda zake.

Nilifunga duka saa sita mchana. Nilikaa ndani na kile kitambaa mapajani mpaka jua likahama mlangoni. Binti aliyenipigia goti ndiye aliyenifundisha kukata.

Sasa nakuja kwenye neno lenyewe, Gaston, na nakuomba ulisome umekaa.

Sauti zako nilikuwa nazikata, na si pale unapokohoa. Wewe ulikuwa na tabia ya kulalamika kwanza na kusifu baadaye, kama ulivyokuwa hapa. Dakika za mwanzo ulikuwa unaisema Amerika, halafu unageuka, unasema lakini. Mimi nilikuwa nakata kwenye lakini. Yule mtu wa mlango wa pili uliyekaa miezi minne bila kumjua jina, ua huu ulisikia mpaka hapo. Haukusikia kwamba mwezi wako wa tano mtaani hapo alikuja na koleo kukuondolea theluji kabla hujaamka, kwamba anaitwa mzee Dale, na kwamba hapokei asante. Haukusikia kwamba shemeji alipopasuliwa, mzee Dale aliyechomeka kibao cha rais huyu, na yule mama wa ng’ambo ya barabara aliyechomeka kibao cha mpinzani wake, walileta chakula kwa zamu wiki tatu, kila mmoja akiangalia mbele asimwone mwenzake, lakini chakula kikafika. Haukusikia habari za vijana na wazee wa mji wako wanaozima moto bure, kengele ikilia wanaacha kazi zao, hakuna anayeuliza nyumba inayoungua ina kibao gani. Watu wa desturi walikuwapo huko pia. Mimi niliwazima kwa kidole.

Na la mwezi wa Machi ndilo kubwa. Ulinitumia sauti ndefu, ukasema nimfikishie Alain. Ulisema kanisa lenu limeandika barua kwa wawakilishi wenu kuomba familia yake isisahauliwe, na kwamba mtu wa kwanza kutia sahihi alikuwa mzee Dale. Ulisema ulimwuliza inakuwaje, na yeye akajibu kwamba kura yake ni yake, ila mtu aliyekwisha kufunga masanduku ni jirani. Ukaomba picha ya Alain, Goreth na Sonia, mzee Dale aibandike ukutani kanisani ili wanaosaini wajue wanamsainia nani. Sauti hiyo nikaikata yote, nikaiacha imelala simuni. Wewe nikakujibu kwamba Alain ameumia, hataki tena habari za Amerika, na picha hataki kutoa. Alain hajawahi kuniambia neno hilo. Nililitunga mimi nikiwa nimekaa kwenye cherehani, halafu nikaendelea kushona.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza kabla yako. Faili langu mimi lilikataliwa mwaka uliotangulia safari yenu, unakumbuka nilivyokusindikiza nikicheka. Sikuwa nacheka. Kila aliyeondoka uani alichukua kiti chake, na mimi nikabaki na fimbo na watu wachache wa kuisikia. Nilitaka Amerika iwe mbaya ili Bellevue iwe nzuri. Nikaona nikimfikishia Alain habari ile ataanza tena kutazama angani, atasubiri miaka tisa mingine, na siku moja ataondoka na Goreth na Sonia. Hayo niliyaita busara. Ni wivu, na ni woga, na nimeyavalisha nguo ya desturi kwa sababu mimi ni fundi wa nguo. Laiti Alain angejua kwamba mtu wa rais yule ndiye aliyetangulia kumsainia, asingemchukia Elisée kwa kitambaa kilichotundikwa kwenye kamba. Laiti Elisée angesikia sauti zako zote, asingehubiri Amerika ya nusu. Na mimi niliyewatenganisha ndiye niliyekaa katikati yao na kupiga fimbo. Wahenga walikataza kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Huku ngedere ndiye aliyekula shamba na ndiye aliyekuwa hakimu.

Jumapili iliyopita niliita ua wote. Sikumwambia mtu sababu. Niliiweka fimbo chini kabla ya kuulizwa, nikasema nina mkono wangu ndani ya kesi, nikasema yote niliyokuandikia hapa. Kisha nikaweka spika dirishani, nikacheza sauti yako ya Machi, nzima, na kukohoa kwako ndani. Ilipofika kwa mzee Dale, Alain aliomba irudiwe. Nikairudia. Akaomba tena. Goreth alifunika uso kwa kitenge. Elisée aliinuka, akasema mbele ya wote kwamba yeye alihubiri juu ya mlango bila kujua kuna aliyekuwa ameushika kwa ndani usifungike, na kwamba neno la madhabahuni likimpiga aliyeumia si la Mungu, ni lake yeye, na analitangua.

Usidhani Alain alinikumbatia. Alinijia mpaka hapa kwenye kifua, mtu wa ulinzi, akasema, “Miezi sita, mzee. Miezi sita nilikuwa najua dunia nzima imenisahau.” Akaenda zamu yake. Siku tatu hakunijibu salamu, na alikuwa na haki. Ila siku ya nne nilimwona kwenye bomba na Elisée, wameshika spana pamoja, wanabishana juu ya rais wa Amerika kwa sauti kubwa kama watu wazima. Bado hawakubaliani hata kwa nukta moja. Bendera Elisée ameihamishia ndani, na Alain amesema chumba cha mtu ni cha mtu.

Adhabu yangu aliitaja dada Sumaiya, na ua ukapiga makofi. Kwanza, fimbo niikabidhi, na sasa iko chumbani kwake mpaka watu wamchague mwingine, sitaomba kurudishiwa. Pili, sauti zako kuanzia sasa zitapokelewa na Sonia, na zitachezwa kama zilivyo. Tatu, niandike yote haya kwa mkono wangu, kwenye karatasi, ambako kukata kunaonekana, na kabla barua haijatiwa kwenye bahasha isomwe uani kwa sauti, Alain na Elisée wawe mashahidi. Kurasa zitapigwa picha upate kuzisoma leo, na karatasi zenyewe zitafuata na mtu anayesafiri. Nne ni yako. Kwetu aliyekosewa ndiye anayetaja fidia, na wewe nimekukosea mara mbili: nilikufanya mtu wa maneno nusu mbele ya watu wanaokupenda, na nilimsingizia rafiki yako. Taja unachotaka, nitalipa. Ukisema nisikuandikie tena, nitatii, ingawa itaniuma sana.

Neno moja silirudishi nyuma. Bado nasema watu wakae pamoja, wale pamoja, wapigiane hodi bila miadi, waheshimu wazee, na ugomvi usilale bila kusemwa. Nitalisema hilo hapa Bellevue mpaka nife, na kama yupo mzee Dale anayelisema huko kwa koleo lake, basi tuko wawili. Nilichokosea ni kudhani lazima mwenzangu awe uchi ndipo nguo yangu ionekane.

Posa imewekwa upya, Jumamosi tarehe 27 mwezi huu. Imvutano nimeimaliza jana, pindo nimelishona kwa mkono kwa sababu ya macho haya, imechukua siku mbili. Goreth ameloweka mtama mwingine. Baba wawili watainama kwenye chungu kimoja, mimi nitakaa na wageni wa kawaida, nyuma, kama Alain alivyokaa gerejini.

Msalimie sana shemeji Victorine, mwambie asiikimbilie ndoo. Msalimie Victoire na wadogo zake. Huku unasalimiwa na Goreth, Sonia, Exaucé, Gaël anayelinda chumba chenu, na dada Sumaiya anayesema ukituma sauti ujitahidi kupunguza kukohoa, siku hizi tunasikia kila kitu.

Ni mimi ndugu yako, niliyekukosea na ninayekupenda,

Méthode

*

Nimesikiliza ikisomwa. Ni kweli.
Mch. Elisée

*

Gaston, imesomwa yote, nimekaa na Elisée benchi moja. Picha sikuwahi kuikataa. Tutapiga siku ya posa, nyumba mbili pamoja, mzee wako aibandike hivyohivyo. Mwambie sahihi yake imenifikia.
Alain